Jinsi ya kutoa mawe kwenye kashata za tairi za lori: mwongozo kamili kwa dereva na utingo

Wengi wetu tukikagua tairi za lori tunagonga na rungu, tunasikiliza mlio, tukiona zote zimejaa upepo basi safari. Mawe yaliyojibana kwenye kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara) hayaangaliwi, na hata mtu akiyaona anasema yatatoka yenyewe huko mbele. Ni kweli mengi yanatoka yenyewe. Shida ni yale yaliyogoma kutoka, na hayo ndo ya kuyatafuta, kuyatoa bila kuiumiza tairi, halafu (hapa ndo watu wanaruka) kuangalia shimo lililobaki, maana shimo ndo linakuambia kama tairi ni ya kuendelea nayo au ni ya kwenda kwa fundi leo leo.

Kajiwe kadogo kanafanya nini

Chukua tairi ya saizi ya 315/80R22.5, zile za kawaida kwenye malori makubwa. Mzunguko wake ni kama mita 3.3, yaani kila kilomita moja inazunguka mara 300 hivi. Jiwe likikaa chini ya mfereji, yaani kwenye sakafu ya ule uwazi ulio kati ya kashata na kashata, linakandamizwa mara moja kila mzunguko, kwa hiyo ukitembea kilomita 500 limeshakandamizwa mara 150,000 na uzito wa gari na mzigo juu yake. Haliwezi kubaki palepale, linashuka kidogo kidogo linachimba mpira mpaka linafika kwenye mikanda ya waya za chuma zilizo ndani ya tairi.

Na likishafika kwenye waya huwezi kuona pancha, upepo upo vilevile, geji inasoma vizuri, unajiona uko salama. Ila maji yanapenya kwenye lile tundu, waya zinashika kutu, kutu inatambaa pembeni chini ya mpira sehemu ambayo jicho halifiki, na mpira unaanza kuachana na waya. Kuna siku, na mara nyingi ni siku ya jua kali na mzigo umejaa, kashata inabanduka yote. Yale maganda ya tairi unayoyaona kando ya barabara kuu mengi ni ya upepo mdogo, sikatai, lakini kutu ya namna hii nayo imo. Halafu kama ulikuwa umepanga tairi ikiisha ivishwe mpira mpya, sahau, tairi yenye waya zilizooza haivishwi.

Bado kuna jiwe lililonasa katikati ya tairi mbili za nyuma. Hilo ni la hatari zaidi na lina taratibu zake, nitalifikia.

Vifaa

Huhitaji vingi. Ndoano ya chuma yenye ncha butu, au bisibisi bapa ya zamani ambayo ncha yake imeshalika, na kama ni mpya isugue kwenye jiwe la kunolea mpaka kona zake zisikate. Plaisi yenye mdomo mrefu. Tochi yenye mwanga mkali. Burashi ngumu ya kusugua tope, chupa ya maji ya sabuni, chaki, geji ya upepo na ile geji ndogo ya kupima kina cha kashata. Glavu na miwani ya kazi, na miwani usiidharau, jiwe lililobanwa likiachia linaruka kwa nguvu na uso wako uko hapo hapo. Kabari mbili za kuzuia gurudumu. Mtaimbo mfupi kwa ajili ya zile tairi za nyuma.

Kisu hapana, msumari uliochongwa hapana, na yale masindano ya fundi viatu pia hapana, kitu chenye ncha kali kikiteleza kinachana mpira wa chini ya mfereji na hapo umefanya kwa dakika moja kazi ambayo jiwe lingeifanya kwa mwezi.

Ufanye saa ngapi

Hapa ndo mimi natofautiana na watu wengi. Wengi wanafanya kila kitu asubuhi kabla ya kuondoka, na kwa upepo wako sahihi kabisa, upepo unapimwa tairi ikiwa baridi. Lakini kwa mawe muda mzuri ni pale unapotoka kwenye kokoto kabla hujaingia kwenye lami. Umetoka machimbo, umetoka saiti ya ujenzi, umetoka barabara ya vumbi, simama sehemu salama, zunguka gari yako. Kwanza mpira bado una joto, umelainika, jiwe linatoka kirahisi kuliko asubuhi mpira ukiwa mgumu. Pili jiwe bado halijachimba. Tatu ni kwamba kwenye vumbi ulikuwa unakwenda taratibu, ukishika lami unaongeza mwendo na lile jiwe linaweza kuchomoka likampiga mtu kioo nyuma yako.

Angalizo moja tu, tairi ikiwa ya moto na ngoma za breki nazo ni za moto, usipitishe mkono nyuma ya rimu ukitafuta pa kushikia.

Kama kazi yako ni lami tupu mara moja kwa wiki inatosha, lakini tipa inayoingia machimbo kila siku ikaguliwe kila siku na hakuna mjadala hapo.

Hatua ya 1: gari isimame kweli kweli

Sehemu tambarare, ardhi ngumu, mbali na magari yanayopita. Hendibreki, zima injini, funguo iwe mfukoni kwa yule anayekagua na siyo kwenye swichi. Hili la funguo nalisisitiza kwa sababu kazi hii mara nyingi inafanywa na watu wawili, utingo yuko chini kwenye tairi za trela, dereva anaingia kabini kuchukua maji, mwingine anapita anaomba gari isogee kidogo, ndo ajali zinavyotokea. Weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu ambalo huligusi. Kama ni tipa bodi iwe imeshushwa.

Hatua ya 2: zunguka kwa mpangilio

Lori lenye ekseli tatu kichwani na trela la ekseli tatu lina tairi 22 kama nyuma zote ni pacha, ukianza kurukaruka lazima kuna utakayoisahau. Anza mbele kushoto, shuka upande huo wote mpaka mwisho wa trela, zunguka nyuma, panda upande wa kulia mpaka mbele. Kila siku njia hiyo hiyo. Tairi za ndani usizipite kisa hazionekani, inama, piga tochi kutoka nyuma.

Kama kuna tope sugua kwanza, jiwe lililofunikwa na tope linafanana na tope.

Kwenye kila tairi kuna sehemu iliyokanyaga chini ambayo huioni, na nyingine imefichwa na madigadi. Kwa hiyo ukimaliza mzunguko wa kwanza weka alama ya chaki kwenye ubavu wa tairi pale ulipoishia, toa kabari, dereva asogeze gari kama mita moja na nusu, ambayo ni karibu nusu mzunguko, weka tena kabari, zima, malizia. Wakati gari inasogea msaidizi asimame pembeni mahali ambapo dereva anamuona kwenye kioo, siyo katikati ya ekseli.

Hatua ya 3: jua jiwe gani ni la kutoa

Usijaribu kutoa kila kokoto, utakesha. Kuna njia rahisi: gusa jiwe na ncha ya ndoano. Likicheza, likitikisika, liko juu juu tu, mengi ya aina hiyo yatajitoa, ukipenda litoe ni sekunde. Lisilotikisika kabisa ndo shughuli yako. Na katika hayo yasiyotikisika angalia zaidi haya:

- lililozama mpaka uso wake uko chini kuliko kashata, unaliona kwa tochi tu
- lenye ncha au lenye umbo la kabari, hata kama ni dogo, maana linaelekeza nguvu yote sehemu moja
- lililo kwenye mfereji mwembamba
- lililong'aa juu, hilo limekaa siku nyingi linasagwa na lami

Tairi za mbele na za trela ziangalie kwa jicho kali zaidi. Nyingi zina mifereji iliyonyooka, na kwa kuwa zinaburutwa tu haziendeshwi na difu (ile ekseli inayosukuma gari), kashata zake hazichezi kiasi cha kulitema jiwe. Za difu zina kashata nene na mifereji mipana, zinatema zaidi, ila mawe makubwa ndo yanapenda kukaa huko.

Sasa kuna kitu kinachanganya watu. Chini ya mifereji ya tairi nyingi za lori utaona vijinundu vya mpira vimepangwa kwa kufuata mfereji. Siyo uchafu na siyo jiwe lililofunikwa na mpira, vimewekwa kiwandani makusudi kusukuma mawe yasifike chini. Usivichokoe wala kuvikata. Na usivichanganye na zile alama za kuonyesha tairi imeisha, zile zinakatiza mfereji upande kwa upande na kwenye tairi nyingi zina urefu wa milimita 1.6, pembeni kwenye bega la tairi huwa kuna maandishi TWI au kapembe kanakoelekeza zilipo. Ukipima kina cha kashata usiweke geji juu ya nundu wala juu ya alama, utapata kipimo cha uongo.

Hatua ya 4: kulitoa lenyewe

Vaa miwani. Kaa pembeni ya tairi, uso usiwe kwenye mstari ambao jiwe litarukia.

Pitisha ncha ya ndoano kwa kufuata urefu wa mfereji, ingia chini ya jiwe kutoka mbele au nyuma yake, siyo kutoka juu kulibonyeza. Ukibonyeza unalisaidia kuchimba. Ukishapata pa kushika chini yake inua kidogo, halafu hamia upande wa pili wa jiwe uinue kidogo, unalitingisha hivyo mbele na nyuma mpaka liachie. Unapoinua egemeza chuma juu ya kashata, sehemu nene, usiegemeze chini ya mfereji kwa sababu hapo ndo mpira mwembamba na waya ziko karibu.

Limegoma? Mimina maji ya sabuni, subiri dakika moja mbili, jaribu tena, mpira ukiloa sabuni unateleza na mara nyingi hii inamaliza kazi. Bado limegoma, shika na plaisi ulizungushe huku unavuta, usivute moja kwa moja. Kugonga na nyundo sikushauri hata kama umeona wakubwa wanafanya, jiwe likipasuka kipande cha chini kinabaki ndani na sasa huna tena pa kushikia.

Ukikuta siyo jiwe ni msumari, bolti au kipande cha chuma, acha kwanza usichomoe. Mwagia maji ya sabuni uone kama kuna mapovu. Kitu kilichotoboa mpaka ndani kinaweza kuwa ndo kimeziba upepo, ukikichomoa porini huna spea wala karibu na fundi umejitafutia kulala hapo. Pima upepo, kama umeshuka badilisha tairi, kama haujashuka weka alama ya chaki na usogee taratibu mpaka kwa fundi wa karibu huku unapima kila unaposimama. Jiwe mara chache linatoboa mpaka ndani, ila likiwa refu lenye ncha fanya hivyo hivyo.

Hatua ya 5: angalia shimo, usikimbilie tairi nyingine

Hapa tulia. Safisha pale jiwe lilipokuwa, piga tochi, gusa kidogo kwa ncha butu kuona kina.

Kama mpira umekwaruzika tu na chini ya mfereji bado kuko sawa, hakuna neno, endelea.

Kama kuna kashimo kameingia chini kuliko sakafu ya mfereji lakini bado unaona mpira mweusi chini yake, weka alama ya chaki ubavuni, andika kwenye daftari ni tairi ipi (kwa mfano "trela ekseli ya 2, kulia nje"), na pangalie kila ukaguzi. Shimo la aina hiyo ni makao, jiwe lingine litakaa hapo hapo na litaanzia pale la kwanza lilipoishia. Zikiwa nyingi kwenye tairi moja mpelekee fundi aangalie kama zinazibika.

Kama unaona waya, au kitu cha rangi ya kutu, au maji ya sabuni yanatoa mapovu, tairi hiyo safari yake imeishia hapo mpaka fundi aifungue aiangalie kwa ndani. Sheria za usalama barabarani sehemu nyingi zinakataza kutembea na tairi yenye waya nje, lakini hata kama hakuna askari njiani waya zilizoshika kutu hazina njia ya kupona. Vilevile pitisha kiganja juu ya kashata kuzunguka lile shimo, ukikuta pameumuka, pana kivimbe, ujue mpira umeshaanza kuachana na waya. Hapo usijadiliane na mtu, vua.

Jiwe katikati ya tairi pacha

Hili ni jiwe kubwa, saizi ya ngumi au zaidi, linanasa kati ya tairi ya ndani na ya nje. Linasaga mbavu za tairi zote mbili kwa pamoja, na ubavu ndo sehemu nyembamba kuliko zote, ukikatika haushonwi. Na likichomoka kwenye mwendo linaruka nyuma kwa nguvu, kioo cha gari ndogo inayokufuata hakiwezi kulizuia. Kwa hiyo likionekana gari haiondoki nalo, hata kama ni kilomita mbili kufika gereji.

Ujanja ambao wengi hawaujui: tairi zikiwa zimebeba uzito mbavu zake zinavimba pale chini zinapokanyaga, kwa hiyo upenyo kati ya tairi mbili ni mdogo zaidi chini. Ukikuta jiwe liko karibu na ardhi unahangaika bure. Sogeza gari taratibu kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, watu wote wakae mbali na nyuma ya gari, mpaka jiwe lije upande wa nyuma wa tairi, usawa wa goti lako au juu kidogo. Zima, hendibreki, kabari. Hapo upenyo umefunguka na mtaimbo unaingia vizuri. Ingiza mtaimbo nyuma ya jiwe, ulivute kuja kwako kwa kulizungusha, maji ya sabuni kama kawaida. Simama pembeni, siyo nyuma yake moja kwa moja. Mtaimbo usiuegemeze kwenye ubavu wa tairi, egemeza kwenye kashata.

Kuna wanaofunga mnyororo kwenye jiwe halafu dereva anaondoa gari ili livutike. Sipendi hiyo, mnyororo ukikatika au jiwe likiteleza hujui litaenda wapi.

Likikataa kabisa inabidi tairi ya nje itoke. Jeki chini ya ekseli, stendi ya kuhimili (usitegemee jeki peke yake), na kabla hujalegeza nati toa upepo kwanza kwenye tairi ya nje, na kama ubavu wa ya ndani una dalili ya kuumia toa na hiyo pia, ukiwa umesimama pembeni usielekee uso wa rimu. Kwa rimu za ringi (zile ambazo tairi inashikiliwa na ringi ya chuma inayotoka) hili ni la lazima, ringi ikiruka inaua. Ukishatoa jiwe kagua mbavu zote mbili kwa tochi na kwa kiganja, ukiona nyuzi au waya tairi haijazwi tena. Kujaza upepo tena ni kazi ya fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia na mpira mrefu wa upepo, siyo ya kufanya umeinama juu ya tairi. Nati zikifungwa zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100.

Kupunguza mawe yasiingie

Huwezi kuyazuia yote, ila kuna mambo yanasaidia. Usizungushe tairi kwa fujo kwenye kokoto, ukikwama punguza mafuta, tairi inayozunguka palepale inakusanya mawe na kuyakandamiza. Trela la ekseli tatu usilipindishe kona kali ukiwa karibu umesimama, zile tairi za nyuma zinaburuzwa pembeni na mifereji inafunguka inameza kila kitu, chukua kona pana kama nafasi ipo. Upepo uwe ule unaotakiwa kwa mzigo uliobeba, tairi yenye upepo mdogo inachezacheza kashata na joto lake linakuwa kubwa, mpira wa moto unachimbika haraka. Na ukipewa nafasi ya kuchagua sehemu ya kuegesha pale machimbo, usiegeshe juu ya kokoto mpya zilizomwagwa ambazo hazijashindiliwa.

Daftari nalo liwekwe kwenye gari na siyo nyumbani kwa dereva, ili anayekuja kupokea zamu ajue ni tairi gani ina shimo la kufuatiliwa na ni lini iliangaliwa mara ya mwisho.